Wengi Wakikumbuka Kisichotokea

Mwaka jana tulikwenda Mwanza kulisafisha kaburi la bibi yetu kabla ya kulijengea upya, na nilipoziondoa nyasi zilizofunika maandishi ya msalaba wa saruji nilisoma tarehe ambayo sikuitarajia. Bibi alifariki mwezi Aprili 1998. Mimi, kaka yangu na dada yetu mkubwa tunakumbuka, na kwa zaidi ya miaka ishirini tumekuwa tukiwasimulia watoto wetu, jinsi bibi alivyokaa kando ya redio siku Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere, akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake na kusema kwamba sasa tumebaki yatima. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Siku hiyo bibi alikuwa amekwisha kuzikwa mwaka mmoja na nusu.

Nilipowaeleza wenzangu, kaka alinyamaza. Dada alisema papo hapo kwamba aliyeandika msalaba amekosea. Tulikwenda kuangalia kitabu cha marehemu parokiani na tarehe ilikuwa ile ile, lakini hata hapo dada alitikisa kichwa, akasema kwamba karatasi ni karatasi na yeye alikuwepo. Simlaumu. Mimi mwenyewe, ninayejua kwa hakika kwamba jambo lile halikutokea, nikifumba macho bado namwona bibi na redio yake ya mbao, na picha hiyo haina alama yoyote ya kuitofautisha na picha za mambo yaliyotokea kweli.

Mtu mmoja kukosea katika kumbukumbu yake si jambo la kushangaza. Sote tumewahi kubishana juu ya mwaka wa harusi fulani au juu ya nani alikuwepo msibani. Kinachotatiza ni kuafikiana. Tumelelewa kuamini kwamba shahidi mmoja anaweza kupotoka, lakini watatu wakisema neno moja basi neno hilo lina mizizi. Wahenga wametuachia "wengi wape", na wametuachia "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Ninaziheshimu methali hizo katika mambo mengi ya maisha, lakini katika suala la kumbukumbu nimefikia kuamini kwamba zinatupotosha, kwa sababu akili za watu wengi zinaweza kukosea kwa namna moja bila wao kula njama na bila hata mmoja wao kusema uongo.

Duniani jambo hili limepata jina la Athari ya Mandela. Jina hilo lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwandishi wa Marekani, Fiona Broome, baada ya kugundua kwamba yeye na watu kadhaa wengine waliamini kuwa Nelson Mandela alifia gerezani katika miaka ya 1980, na baadhi yao walieleza hata mazishi waliyoyaona kwenye televisheni. Ukweli wa maisha ya Mandela haujafichika: alitoka katika gereza la Victor Verster tarehe 11 Februari 1990, akaapishwa kuwa rais tarehe 10 Mei 1994, na akafariki nyumbani kwake Johannesburg tarehe 5 Desemba 2013 akiwa na umri wa miaka 95.

Ukitazama kwa makini mtu wa mbali alikuwa na vipande gani mkononi, kosa hilo linaanza kueleweka. Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini, aliuawa akiwa mikononi mwa polisi mwezi Septemba 1977, na mazishi yake yalihudhuriwa na maelfu. Miaka kumi baadaye maisha yake yakatengenezewa filamu iliyoonyeshwa katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1980 mazishi ya wanaharakati katika vitongoji vya Afrika Kusini, yenye majeneza yaliyofunikwa bendera na vijana wakiimba huku ngumi ziko juu, yalikuwa picha ya kawaida katika taarifa za habari za Ulaya na Marekani. Mwezi Juni 1988 lilifanyika tamasha kubwa la muziki katika uwanja wa Wembley, London, kumtukuza Mandela kwa kutimiza miaka 70, nalo likarushwa duniani kote. Mwezi Agosti mwaka huo huo zikaja habari kwamba amelazwa hospitali kwa kifua kikuu. Kwa hiyo mtazamaji aliyekuwa Ohio au Manchester, ambaye hakuifuatilia Afrika Kusini kwa karibu, alikuwa na shujaa mweusi, gereza, ugonjwa, jeneza, umati unaoimba na tamasha la heshima. Kila kipande ni cha kweli. Kilichokosewa ni uzi uliotumika kuvishona pamoja, na kwa kuwa vipande vilikuwa vile vile na uzi ulio karibu zaidi kufikiwa ni ule ule, watu wasiojuana walishona nguo moja.

Katika mazungumzo yangu na Watanzania wa rika la kukumbuka miaka hiyo, sijakutana na hata mmoja aliyeamini kwamba Mandela alifia gerezani. Nadhani sababu ni kwamba kwetu hadithi hiyo haikuwa na mahali pa kukaa. Mandela alipita Tanganyika mwezi Januari 1962 na kuonana na Nyerere. Wapigania uhuru wa ANC waliishi Mazimbu na Dakawa, mkoani Morogoro, wakasoma, wakaoa na wakazikwa huko. Na mapema mwaka 1990, wiki chache tu baada ya kufunguliwa, Mandela mwenyewe alifika Dar es Salaam. Mahali ambapo kumbukumbu imejaa vitu vyake yenyewe, kitu cha kuazima hakipati nafasi. Kumbukumbu potofu huota pale ambapo tunajua kidogo kuliko tunavyodhani.

Ili kuelewa kwa nini kushona huku ni kazi ya kila siku ya ubongo, lazima kwanza tuachane na mfano tuliouzoea, wa kumbukumbu kama picha inayotunzwa kabatini. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha mwaka 1932 matokeo ya majaribio aliyowasomesha Waingereza hekaya ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, iliyojaa mizimu na mambo yasiyo na mantiki kwa msomaji wa Cambridge, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mizimu ikafifia au ikatoweka kabisa. Lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba makosa hayo hayakutawanyika ovyo. Yalielekea upande mmoja, upande wa mambo ambayo Mwingereza wa wakati ule aliyaona ya kawaida. Kila mmoja alijaza pengo kwa kiunzi, yaani mpangilio wa mambo aliyoyazoea, alichokuwa nacho kichwani, na viunzi vyao vilifanana kwa sababu walikuwa wamelelewa katika jamii moja, shule za namna moja na vitabu vya namna moja.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani kwa Kiswahili. Msomee mtu polepole maneno haya: kitanda, mto, shuka, chandarua, usiku, ndoto, kukoroma, miayo, uchovu, godoro. Mzungumzishe mambo mengine kwa dakika chache, kisha mwombe ayataje aliyoyasikia. Uwezekano ni mkubwa kwamba atakutajia "usingizi", neno ambalo halimo, na atalitaja kwa uhakika ule ule anaolitajia "chandarua". Henry Roediger na Kathleen McDermott walichapisha mwaka 1995 majaribio ya aina hii, wakiendeleza kazi ya James Deese ya mwaka 1959, na katika jaribio la kwanza takriban asilimia 40 ya nafasi za kukumbuka zilileta neno lisilosomwa; katika jaribio la pili kiwango kilifika asilimia 55. Hakuna aliyewashawishi washiriki. Maneno yenyewe yalizunguka jambo moja, na akili ikaliokota jambo hilo na kulihesabu miongoni mwa yaliyosikika.

Kuna pia suala la vitu tunavyoviona kila siku pasipo kuvitazama. Simba aliye kwenye noti ya shilingi 2,000 ameelekea upande gani? Wamarekani walioulizwa mwaka 1979 juu ya sarafu yao ya senti moja, ambayo walikuwa wameishika mikononi maelfu ya mara, walishindwa kuikumbuka sawasawa, na wengi walishindwa kuitambua miongoni mwa sarafu bandia zilizochorwa kwa kufanana nayo. Lakini jaribio lililofanywa na Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago na kuchapishwa mwaka 2022 linakwenda mbali zaidi. Walichukua alama na vikaragosi 40 vinavyojulikana sana, wakatengeneza nakala zenye makosa madogo, na kuwauliza watu ipi ni ya asili. Kwa picha saba watu wengi walichagua kosa, tena kosa moja. Alama ya Volkswagen, ambayo sisi tumeiona kwenye pua za Kombi tangu utotoni, ina mwanya mwembamba kati ya herufi V na W, na wengi waliikumbuka bila mwanya huo. Pikachu, kikaragosi cha manjano ambacho watoto wetu wanakichora kwenye madaftari, hana ncha nyeusi kwenye mkia, lakini wengi walimpa.

Lingekuwa jambo rahisi kusema kwamba kiunzi kinaeleza kila kitu. Watafiti hao wenyewe walikataa urahisi huo. Alama ya kampuni ya nguo ya Fruit of the Loom ni rundo la matunda tu, lakini watu wanakumbuka matunda yakimiminika kutoka kwenye pembe kubwa ya kapu, kitu ambacho mtu wa leo hukutana nacho kwa nadra mno kuliko sahani ya matunda. Kama ubongo ungejaza pengo kwa kilichozoeleka pekee, ungeweka sahani. Tena baadhi ya washiriki walichora makosa haya hata baada ya kuonyeshwa picha sahihi muda mfupi uliopita, na kipimo cha mahali walipotazama hakikuonyesha kwamba hawakupatazama mahali penyewe. Inaelekea kwamba picha zenyewe, kwa namna zilivyoundwa, zinavuta akili za watu wengi kuelekea kosa moja. Utafiti bado unaendelea, na mimi naona kuwa ni afya ya elimu kwamba wataalamu wake hawakulazimisha jibu moja lifunge kila mlango.

Kiunzi, hata hivyo, hakinitoshi kueleza bibi na redio yake. Hapo nahitaji dhana nyingine, ambayo wanasaikolojia, hasa Marcia Johnson na wenzake, wameifanyia kazi kwa miaka mingi: kwamba kukumbuka jambo na kukumbuka ulikolipata ni kazi mbili tofauti, na ya pili ni dhaifu zaidi. Tunahifadhi sura, sauti na uchungu, kisha tunapoteza kibandiko kinachosema vilitoka wapi. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana Uholanzi. Tarehe 4 Oktoba 1992, jioni ya Jumapili, ndege ya mizigo ya shirika la El Al ilianguka juu ya majengo ya ghorofa ya Bijlmermeer, pembezoni mwa Amsterdam, katika mtaa ambamo waliishi wahamiaji wengi kutoka Suriname na Ghana, na watu 43 wakafa. Hakuna kamera iliyonasa ndege ikiligonga jengo. Televisheni ilionyesha moto, vifusi na waokoaji. Miezi kumi baadaye Hans Crombag na wenzake waliwauliza watu 193 kama waliiona ile filamu ya televisheni ya ndege ikigonga jengo. Asilimia 55 walisema ndiyo. Katika kundi la pili, la wanafunzi wa sheria 93, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66, na wengi wao walijibu hata maswali ya ndani zaidi, kama vile ndege ilikuja kwa pembe gani na moto ulilipuka baada ya muda gani.

Waholanzi hao hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wamesikia maelezo, wakaona picha za baadaye, wakajichorea akilini jinsi ajali ilivyokuwa, kisha kibandiko kikaanguka: kile walichokichora wenyewe kikahesabiwa kuwa walikiona. Na swali lenyewe lilisaidia, kwa kuwa mtu anapoulizwa juu ya "ile filamu" anadokezewa kwamba filamu ipo. Elizabeth Loftus na John Palmer walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1974 nguvu ya udokezi wa namna hiyo. Waliwaonyesha watu ajali ya magari kwenye filamu, kisha kundi moja likaulizwa juu ya mwendo wa magari "yalipogongana" na jingine kwa neno zito lenye maana ya kupondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Katika kundi la neno la kawaida watu 7 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la neno zito, 16 kati ya 50.

Sasa naweza kurudi Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika bandarini, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mtaani kwetu kila baada ya nyumba chache palikuwa na matanga. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na redio ya taifa ikajaa nyimbo za huzuni. Bibi alilia kando ya redio. Hilo lilitokea, na wazee wa mtaa waliobaki wanalithibitisha. Miaka mitatu baadaye Mwalimu alifariki, nyimbo za huzuni zikarudi, rais yule yule akazungumza, redio ikiwa bado mahali pake sebuleni, na maneno kwamba tumebaki yatima yakawa midomoni mwa Watanzania wengi. Misiba miwili ya taifa, sauti moja ya rais, redio moja. Vibandiko vilianguka, na kilio cha mwaka 1996 kikahamia mwaka 1999.

Lakini kwa nini kihame katika vichwa vitatu kwa pamoja? Jibu, naamini, ni kwamba hatukukumbuka watatu. Alikumbuka mmoja, na wawili tukapokea. Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, familia yetu hukutana, na kila mwaka dada, ambaye ndiye mwenye kipaji cha kusimulia, alisimulia habari ya bibi. Fiona Gabbert na wenzake walichapisha mwaka 2003 jaribio ambalo watu wawili wawili walitazama tukio moja lililopigwa kutoka pembe tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona kile kile, kisha wakaachwa wazungumze kabla ya kuandika ushahidi. Asilimia 71 ya waliozungumza waliandika angalau jambo moja ambalo wao wenyewe hawakuweza kuliona, bali walilipata kwa mwenzao. Hayo yalikuwa mazungumzo mafupi kati ya watu wawili katika chumba cha majaribio. Sisi tulikuwa na sikukuu zaidi ya ishirini, pilau mezani, na msimulizi tunayempenda na kumwamini.

Ni dhahiri kwa nini mtu aliyeshika kumbukumbu ya namna hii haachii. Nicole Harsch na Ulric Neisser waliwataka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waandike asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Januari 1986, walipata wapi habari hizo na walikuwa wakifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye wanafunzi 44 kati yao waliulizwa tena, na 11 hawakupata hata jambo moja sawa na walivyoandika. Uhakika wao ulikuwa mkubwa licha ya hayo, na walipoonyeshwa maandiko yao wenyewe, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi. Dada yangu mbele ya kitabu cha parokia alikuwa mahali pale pale. Uhai wa picha kichwani ndio kipimo pekee tunachopewa na maumbile, na kipimo hicho hakijui tofauti kati ya kilichoonwa na kilichosimuliwa mara ishirini.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa kusema kwamba dunia zipo nyingi na tumehamia kutoka moja kwenda nyingine, au kwamba kuna watu wamezibadilisha nyaraka. Sioni sababu ya kuwacheka. Wanachokitetea ni heshima ya kile walichokiona kwa macho ya ndani, na mtu anayeambiwa kwamba kumbukumbu yake ni ya uongo husikia kwamba yeye ndiye mwongo. Hata hivyo maelezo hayo yanashindwa mahali pamoja: hayawezi kueleza kwa nini makosa yanaegemea mara nyingi upande wa kinachotarajiwa, kinachofanana au kinachosimuliwa sana. Kama tungekuwa tumetoka katika ulimwengu mwingine, pasingekuwa na sababu ya ulimwengu huo kufanana kiasi hicho na udhaifu unaojulikana wa ubongo wa binadamu.

Ningeliacha jambo hili kuwa la maktaba kama lisingegusa maisha ya watu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kusema mwaka 1980, katika uamuzi ambao mawakili wanaurejea mpaka leo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na kwamba usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Nchini Marekani, kati ya wafungwa waliothibitika kwa vipimo vya vinasaba kuwa hawakutenda kosa, takriban saba katika kila kumi walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi. Ninachohofia ni mashahidi watano walioketi pamoja msibani usiku kucha wakilijadili tukio kabla polisi hawajafika, kisha kila mmoja akatoa maelezo yanayolingana na ya mwenzake. Kulingana huko kunapokelewa kama nguvu ya kesi. Mimi ningetaka kwanza kujua walizungumza nini usiku ule.

Wanahistoria wetu wamekutana na tatizo hilo kwa sura nyingine. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na hazina waliyoirudisha haina bei, kwa kuwa bila hiyo tungebaki na kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani peke yake. Lakini masimulizi hayo yalitolewa zaidi ya miaka sitini baada ya vita, katika nchi changa iliyokuwa ikijenga umoja wake, na wanahistoria waliofuata wameuliza kwa haki ni kwa kiasi gani kiunzi cha utaifa wa miaka ya 1960 kiliingia katika maswali na katika majibu. Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi, alionya vivyo hivyo kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kumeza yaliyomo katika vitabu na kuyatoa tena kama urithi wa mababu. Hakuna anayesema tuwapuuze wazee. Mzee anapaswa kuulizwa swali la ziada, kwa adabu ile ile: hili uliliona, uliambiwa, au ulilisoma?

Na katika siasa, hali ni nzito zaidi. Wiki moja kabla ya kura ya maoni ya Ireland kuhusu utoaji mimba, Mei 2018, Gillian Murphy na wenzake waliwaonyesha watu 3,140 habari za kampeni, baadhi zikiwa za kubuni kabisa. Karibu nusu yao walieleza kukumbuka angalau tukio moja ambalo halikutokea, na kila upande ulikuwa mwepesi zaidi kuikumbuka kashfa ya kubuni iliyouhusu upande wa pili. Walioonywa baadaye kwamba baadhi ya habari zilikuwa za uongo bado waliendelea kuzing'ang'ania nyingi kati ya kumbukumbu hizo. Mtu anayepokea sauti ileile katika makundi manne ya WhatsApp, ikiwa na alama ya kutumwa mara nyingi, anaihesabu kuwa mashahidi wanne, ilhali ni mmoja aliyepita katika milango minne. Baada ya mwaka mmoja hataikumbuka sauti hiyo. Atakumbuka kwamba jambo lilitokea.

Katika pwani yetu na kwingineko ipo elimu ya kale iliyoliona tatizo hili mapema. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad hawakutosheka na idadi ya wanaosimulia. Waliidai sanad, yaani mlolongo wa nani kapokea kutoka kwa nani, na habari waliyoiita mutawatir, ile inayotiwa nguvu na wingi wa wapokezi, ilitakiwa iwe na wingi huo katika kila tabaka la wapokezi, kiasi kwamba isiwezekane kwao kukubaliana juu ya uongo. Wapokezi mia wa leo waliotoka kwa mtu mmoja wa jana walihesabiwa kwa huyo mmoja. Mimi si mwanafunzi wa elimu hiyo, lakini sijaona kanuni inayolifaa zaidi suala la kumbukumbu za pamoja kuliko hiyo.

Niliitumia kwa namna yangu. Kabla sijawaeleza wenzangu juu ya tarehe ya msalaba, niliandika kumbukumbu yangu ya siku ya kifo cha Mwalimu na kuifunga ndani ya bahasha, kisha nikamwomba kila mmoja, kwa siri ya mwenzake, anirekodie sauti akieleza siku ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Wote watatu tulikuwa na redio ya mbao. Wote tulikuwa na sauti ya Rais, uso uliofunikwa, na maneno ya uyatima. Hayo ndiyo ambayo dada huyasimulia kila Oktoba. Kisha nikasikiliza tena nikitafuta yale ambayo hayajawahi kusimuliwa mezani. Kwangu mimi bibi alijifunga kitenge cha kijani na alikaa kwenye mkeka. Kwa kaka alikaa kwenye kiti cha marehemu babu, na ilikuwa kanga nyekundu. Dada alisema gauni la kanisani, jeupe, na kwamba bibi alikuwa amesimama mlangoni.